Nilimnywesha mama mkwe kitunguu saumu wiki tatu kwa heshima, naye akanywa kwa heshima, tukaishia wodini

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hiki ninachoandika kimenitokea mie mwenyewe, nyumbani kwangu Chanika, na sijatia chumvi popote. Mkifika mahali mkacheka, chekeni tu, hata mie nimeanza kucheka juzi. Ila someni mpaka mwisho, maana ndani yake kuna mtu nusura afe, na aliyetaka kumuua ni mie, kwa upendo kabisa.

Mods, naomba uzi ubaki hapa hapa kwenye jukwaa la afya. Msiupeleke kwenye vichekesho.

Nianze na kitunguu saumu.

Miezi kadhaa nyuma nilibanwa na kikohozi kibishi. Nimekunywa sirapu zote, mpaka za watoto zile zenye ladha ya ndizi. Hola.

Nikaingia humu humu jukwaani, nikakuta mdau anasema tafuna punje tatu za kitunguu saumu kibichi asubuhi kabla hujatia kitu tumboni. Nikatafuna. Siku ya nne kikohozi kikakata.

Sasa kikohozi chenyewe kilikuwa kimeshanikaa wiki tatu, labda kilikuwa kinaondoka zake. Hilo nalijua leo. Wakati ule nilijiona nimeshamaliza udaktari, bado joho tu.

Nikawa mtu wa saumu. Mafua, saumu. Tumbo, saumu. Jirani analalamika nywele zinakatika, namwambia saumu. Hakuna aliyekuwa ananiuliza, lakini nilikuwa najibu.

Nilikuwa na fangasi kidole gumba cha mguu. Nikaponda punje mbili, nikazibandika pale, nikafunga na plasta, nikavaa kiatu, nikaenda nayo kazini kutwa nzima. Jioni nafungua, ngozi imeungua, imetoka malengelenge, inachuruzika maji. Fangasi wenyewe wapo pale pale wananiangalia.

Mtu mwenye akili zake angejiuliza kidogo hapo. Mie nikamwambia mke wangu unaona, dawa inafanya kazi, nikaendelea kubandika.

Kazini ndiyo usiseme. Mie nauza spea za pikipiki kwenye duka moja la Mtoni, la mzee mmoja wa Kiarabu, familia yao ipo kwenye biashara hiyo tangu enzi za babu yake. Mzee mpole sana. Alivumilia ile harufu siku mbili, ya tatu akanihamishia stoo.

Baada ya wiki akanirudisha kaunta mwenyewe. Alikuwa amegundua kwamba mteja nikimhudumia mie habishani bei, analipa fasta aondoke.

Haya, tuje kwa mama mkwe.

Mke wangu anaitwa Rhobi, ni mwalimu wa shule ya msingi, Mkurya wa Tarime vijijini kabisa. Mie Mluguru. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja na hawazungumzi uso kwa uso. Sio kwamba wamegombana. Ndiyo heshima yenyewe.

Najua kuna Wakurya humu watakuja kusema siku hizi mambo yamelegea. Kwa wengine yamelegea. Kwa mama mkwe wangu haijalegea hata nati moja.

Alikuja Dar kwa sababu ya jino bovu na miguu iliyokuwa inavimba. Tukampa chumba cha uani chenye mlango wake, ili tusipishane kwenye korido. Nikitaka kupita uani nakohoa. Yeye akitaka kupita anakohoa. Siku za mwanzo majirani walidhani nyumba nzima tuna TB.

Rhobi akiwepo, yeye ndiye anakuwa katikati. Mie namwambia Rhobi, Rhobi anamwambia mama, na mama yupo hatua tatu tu amesikia kila kitu. Binti yetu Gati yupo bweni. Kwa hiyo ishu ilikuwa pale Rhobi anapokwenda shule na mie niko nyumbani.

Hapo tulikuwa tunazungumza kupitia tenki la maji.

Sitanii. Tenki jeusi, lipo kati ya mlango wa jikoni na chumba cha mama. Mie nasimama upande huu, yeye anakaa kwenye mkeka upande ule. Nasema, tenki, mwambie bibi leo maji yamekatika. Naye anasema, tenki, mwambie Baba Gati kuna mtu anagonga geti. Watu wazima wawili wenye akili zetu.

Rhobi alinieleza kwamba kwao mtoto ndiye anawekwaga katikati, na asipokuwepo mtoto hata mbuzi anatosha. Sie hatukuwa na mbuzi.

Sasa siku moja wakati wa kula Rhobi akagusia kwamba mama ana presha. Wakuu, nilisikia kama nimeitwa kazini.

Asubuhi yake nikatengeneza. Punje nne za saumu, tangawizi, ndimu, asali, zungusha kwenye blenda, jaza kikombe. Nikakiweka kwenye stuli mlangoni kwake, nikakohoa mara mbili, nikaondoka. Baada ya nusu saa kikombe kipo pale pale kitupu, kimeoshwa na kufunikwa na kisahani.

Nikasema huyu mama anajua mambo.

Siku ya tatu nikaweka punje sita. Kikombe kitupu. Nikaweka nane. Kitupu. Kwa akili zangu nilijua ameipenda na anaona aibu kuomba iongezwe. Kufika wiki ya pili ilikuwa kichwa kizima asubuhi na kichwa kizima jioni. Mama wa gengeni ninaponunua saumu akaniuliza kama nina shughuli.

Rhobi, maana ni mwalimu, akaniambia muulize kwanza mama anatumia dawa gani nyingine, usije ukachanganya. Nikamwambia sawa, nitamuuliza.

Jioni nikasimama kwenye tenki. Nikafungua mdomo. Wakuu, nilishindwa. Mambo ya mwili wa mama mkwe unayaulizaje? Hata tenki niliona halistahili kusikia. Nikamwambia tenki amwambie bibi mvua inakuja.

Nikaingia ndani, nikamwambia Rhobi nimeshamuuliza, hatumii kitu.

Huo ni uongo, na ndio uliotaka kuniulia mtu. Nimeuandika hapa kwa sababu bila huo hadithi hii ingekuwa ya kuchekesha tu.

Siku ya kung'oa jino ikafika. Rhobi alikuwa anasimamia mitihani, hakuna ruhusa. Mie nikaomba kazini, mzee wangu akanipa ruhusa kabla sijamaliza sentensi. Tukaita bajaji ya jamaa wa pale kituoni anaitwa Side. Mama akakaa nyuma peke yake, mie nikabanana na Side kwenye kiti cha mbele, tako moja ndani, tako moja nje.

Pale kwenye zahanati ya meno daktari alikuwa kijana mstaarabu. Mama akakaa kwenye kile kiti kirefu. Mie nikasimama mlangoni nimewapa mgongo, naangalia barabara. Daktari alituangalia akadhani tumegombana.

Akamuuliza, "Bibi, kuna dawa yoyote unatumia?"

Nikasikia, "Hapana."

"Hata za kienyeji?"

"Hapana."

Na mie nikiwa mlangoni, roho ikaniambia sema. Nikajijibu kwamba kitunguu saumu si dawa, ni kiungo, kinakaa kapu moja na nyanya. Wiki tatu nzima nakiita dawa, siku ya kuulizwa nikakiita kiungo.

Jino likatoka. Akapewa pamba ang'ate, tukarudi nyumbani, nikaripoti kwa Rhobi kwa meseji kwamba mambo safi.

Ilikuwa mchana. Nikakaa upande wangu wa tenki nachezea simu. Kuelekea saa kumi nikasikia upande wa pili, sauti nzito kama ya mtu mwenye ugali mdomoni.

"Tenki, mwambie Baba Gati damu haijaacha."

Nikasema, tenki, mwambie bibi ang'ate pamba kwa nguvu. Akasema, tenki, mwambie pamba zimekwisha, nang'ata khanga. Nikauliza khanga gani. Akasema ya pili.

Jamani. Tangu saa nne asubuhi yule mama alikuwa anavuja damu na kuimeza, kwa sababu kutema damu mbele ya mkwe ni aibu. Na mie nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, naangalia mpira kwenye simu.

Nikaliambia tenki limuulize bibi anajisikiaje. Sikujibiwa. Nikarudia.

Nikazunguka.

Alikuwa amekaa chini ameegemea tenki, khanga imelowa kuanzia kifuani mpaka mapajani, macho yamelegea. Aliponiona, mkono ukajikokota, akaishika ile ile khanga yenye damu akajifunika uso nisimuone. Mtu anakufa, na bado ananilindia heshima.

Nikampigia Side, akaja mbio. Akauliza mbona humbebi. Nikamwambia ni mama mkwe. Akasema sasa? Nikamwambia hashikwi. Side ni mtoto wa mjini, hayo mambo hayajui, aliniangalia kama mimi ndiye niliyepoteza damu.

Nikapata wazo, nikaleta kiti cha plastiki. Side akamkalisha, tukamnyanyua na kiti chake, Side mbele mie nyuma, tukavuka geti naye kama bibi harusi anaingia ukumbini. Majirani wametoka wote. Mmoja akawa anarekodi.

Kufika kwenye bajaji, kiti hakiingii. Tumejaribu kwa ubavu, tumejaribu kwa nyuma, mguu wa kiti umenasa mlangoni. Mama kichwa kimeanza kudondoka huku sie tunabishana kuhusu kiti. Mwishowe Side akasukuma kiti pembeni, akambeba mwenyewe akamlaza nyuma. Nikapanda mbele na kile kiti mapajani. Kwa nini nilikwenda hospitali na kiti, mpaka kesho sijui.

Njia nzima nilikuwa namuomba Mungu jambo moja tu, nisiende kumwambia Rhobi kwamba mama yake amekufa na kwamba mie sikumuuliza.

Tulipofika kwenye hospitali kubwa, Side akamshusha, akamsimamisha akaniambia mshike niondoe bajaji getini, mlinzi anapiga kelele. Akaondoka. Mama akasimama mwenyewe sekunde mbili, magoti yakakunjika.

Nikamdaka.

Wakuu, mama mkwe wangu ni mwepesi. Miaka kumi na moja namuogopa yule mama, kumbe ana uzito wa mfuko wa saruji uliobaki nusu. Nikambeba mikononi, nikakimbia naye nikichechemea kwa kile kidole kilichoungua.

Daktari wa zamu alikuwa mama wa makamo, hana mchezo. Akauliza jino limetoka saa ngapi, anatumia nini. Hapo sikungoja. Nikamwaga yote, nimeangalia sakafu. Wiki tatu. Mwanzo punje nne, sasa kichwa kizima.

Akauliza, "Kichwa kizima kwa wiki?"

Nikamwambia viwili kwa siku.

Nesi akaenda kufungua dirisha.

Mama pale kitandani akanyoosha mkono taratibu, akafungua pindo la ile khanga. Ndani kulikuwa na kikaratasi na vidonge vidogo. Daktari akavisoma, akaanza kutoa maagizo haraka haraka. Vile vidonge alipewa huko kwao kwa ajili ya moyo, kazi yake ni kuzuia damu isigande. Hata Rhobi hakujua, mama aliwaficha wanawe wasihangaike.

Daktari alinieleza baadaye, na nawapa kama nilivyomuelewa, mie si mtaalamu. Kitunguu saumu kwenye mchuzi hakina neno, kula. Lakini ukila kibichi kwa wingi kila siku kama dozi, nacho kinaifanya damu ichelewe kuganda. Sasa juu yake mtu anameza vidonge vya kazi hiyo hiyo, halafu unamng'oa jino. Ndiyo kilichotokea. Akasema mtu anayetegemea kufanyiwa upasuaji au kung'olewa jino aseme mapema kama anatumia saumu kwa wingi, aambiwe aache lini. Na vidonge vya hospitali usiviache kwa kujiamulia mwenyewe, muulize aliyekuandikia.

Kuhusu presha, akasema saumu isichukue nafasi ya dawa alizoandikiwa mtu. Kisha akaangalia mguu wangu akaniambia kibichi kinaunguza ngozi, hicho kidole sio fangasi tena, ni moto. Nikapewa na mie dawa.

Mama walimshona pale kwenye fizi, wakambana na gozi, wakamtundikia dripu, wakamlaza. Damu ikasimama.

Rhobi alifika na chaki bado mikononi. Akasikiliza maelezo yote ya daktari. Kisha akanigeukia.

"Si ulisema ulimuuliza?"

Hakuniuliza tena, na bora angenitukana.

Kesho yake asubuhi nikaenda wodini na uji. Rhobi akapokea, akaenda kufuatilia dawa dirishani. Mie nikasimama mlangoni, mgongo kwa mama, kama kawaida yetu.

"Baba Gati. Geuka."

Nikaangalia nani anaambiwa amwambie Baba Gati ageuke. Hakukuwa na mtu. Wagonjwa wengine wamelala.

"Nakwambia wewe. Geuka."

Nikageuka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumuona uso wote. Ni Rhobi mtupu, Rhobi akiwa amekasirika.

Akasema, "Ile dawa yako ilinichoma tumbo tangu siku ya kwanza."

Nikamuuliza sasa mama kwa nini ulikuwa unamaliza kikombe.

"Kitu cha mkwe nakikataaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Yeye alikuwa anamaliza kwa sababu ya heshima. Mie naona kikombe kitupu, naongeza kwa sababu ya heshima. Tungeendelea hivyo hivyo, kwa adabu zote, mpaka msibani.

Akaniangalia, akaniuliza, "Na wewe mbona hukuniuliza?"

Nikasema, "Ningekuulizaje, mama."

Akasema, "Basi niulize sasa."

Nilisimama pale na bakuli la uji mkononi, mtu mzima nina ndevu, nikamuuliza mama mkwe wangu anatumia dawa gani. Akanitajia moja moja. Kile cheupe cha asubuhi. Cha njano cha presha. Kile kidogo cha moyo alichokuwa anaficha, na tangu lini, na kwamba alikuwa anaogopa. Nikaandika kwenye simu, machozi yanadondoka kwenye kioo, naandika nafuta naandika.

Kaka wa mama mkwe alipiga simu kutoka Tarime, habari zimemfikia kwamba mkwe amemshika mama na wameongea. Sijui zilifikaje, nahisi yule jirani wa kurekodi. Mama akamjibu kwamba nisingemshika angekuwa kaburini sasa hivi, na hiyo heshima wangemzika nayo. Simu ikakatwa. Tumeambiwa kuna mbuzi natakiwa kutoa ili mambo yakae sawa. Nitatoa, tena kwa moyo mmoja.

Mama yupo nyumbani, anaendelea vizuri. Rhobi bado hajanisamehe ule uongo. Yuko sahihi, sijaomba anisamehe haraka.

Sijaandika haya kukiponda kitunguu saumu. Jana tumekula nacho kwenye maharage. Nimeandika kwa sababu humu tunapenda sana kupeana dozi, na mie ndiye wa kwanza. Hakuna hata siku moja niliyomuuliza mtu unaumwa nini kingine, unameza nini kingine. Nilikuwa nagawa tu.

Wataalamu wa afya mliomo humu, kama kuna mahali nimepotosha nirekebisheni, sitakasirika. Na nyie wengine msinicommentie tu kuhusu tenki.

Leo hii mpigie simu mama yako, baba yako, au mkwe wako kama mie, umuulize anatumia dawa gani. Usimtume mtu, uliza mwenyewe. Halafu rudi hapa chini uandike alikujibu nini.